Mchanga Uuzwe, Udongo Ubaki

Hakuna nyumba ya simenti, wala daraja, wala ukuta wa kisima uwezao kusimama bila mchanga. Fundi akichanganya simenti, hutia mchanga mwingi kuliko simenti yenyewe. Basi mtu awalaumuye wauza mchanga, naye mwenyewe anapiga lipu nyumba yake, ni sawa na mtu alaye nyama huku akimtukana mchinjaji. Haja yetu leo si kuilaani biashara hiyo. Twataka kuuliza neno moja tu: mchanga ukiisha kuchimbwa, shamba lililokuwa juu yake huenda wapi?

Kwa miaka sita tulikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha uwanda wa Ruzizi, kati ya milima ya Mitumba na mto Ruzizi, ule utokao katika ziwa Kivu na kuingia katika ziwa Tanganyika. Vijito vingi hushuka toka milimani kwa nguvu wakati wa mvua. Vikifika uwandani nguvu hupungua, navyo hutua mizigo yao: mawe kwanza, kisha changarawe, kisha mchanga, na mwisho tope laini. Ndiyo sababu mashamba mengi ya huko, yaliyolimwa mihogo, mahindi na karanga, yana mchanga mzuri chini yake. Mwenye jembe akilitazama shamba huona udongo. Mwenye kamiyo akilitazama huona mchanga.

Hapo kwanza watu walichota mchanga wa kijito tu, nao ulirudi kila mwaka pamoja na mafuriko. Lakini nyumba za mjini zikaongezeka, kamiyo nazo zikaongezeka, na mchanga wa kijito haukutosha tena. Matajiri wakaanza kuuliza habari za mashamba. Mapatano yalikuwa mepesi: mwenye shamba hupewa fedha kwa kila kamiyo iliyojaa, vijana wa kijiji hulipwa kwa kupakia, na karatasi haiandikwi. Katika nyumba ambamo ada ya shule ya sekondari haijalipwa, fedha ya namna hiyo haikataliwi. Nasi tulioyajua majina ya watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, hatukuweza kumshangaa mzazi aliyeipokea.

Shamba la kwanza kuchimbwa lilikuwa la mama mmoja mjane mwenye watoto wanne. Kamiyo zilikuja kwa majuma saba. Udongo mweusi wa juu, ambao haukuwa na bei mjini, ulisukumwa kandokando hata ukaanguka kijitoni. Wachimbaji walishuka mpaka kimo cha watu wawili, hata maji yakaanza kutoka chini. Hapo waliacha kazi, wakahamia penginepo. Mvua za kwanza ziliponyesha, shimo likajaa maji, na kuta zake zilizosimama wima zikaanza kubomoka. Mistari miwili ya mihogo ya jirani ikaanguka shimoni, ijapokuwa jirani huyo hakuuza hata ndoo moja ya mchanga. Mbu wakazaana humo. Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliteleza ukingoni, akaopolewa na wachungaji wa ng'ombe waliokuwa karibu.

Mama yule alikuja shuleni kulipa deni la mwisho la mwanawe mkubwa. Alisema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, mchanga umemsomesha mtoto mwaka mmoja. Mwaka ujao nitauza nini, na tutakula nini?» Hatukuwa na jibu la haraka. Lakini tokea siku hiyo tuliona kwamba jambo hili si la matajiri na wenye mashamba peke yao. Lahusu kijiji kizima, na shule pia.

Ili kulielewa, yafaa tujue kwanza shamba ni kitu gani. Mtu akichimba shimo la choo ataona kwamba ardhi ina matabaka kama mikeka iliyotandikwa. Tabaka la juu, ambalo mara nyingi halizidi sana urefu wa kiganja na kidole, ni jeusi kuliko mengine. Ndani yake mna majani yaliyooza, mizizi, minyoo, na vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Humo ndimo mmea unamopata sehemu kubwa ya chakula chake. Chini yake mna udongo mwekundu au wa manjano, kisha mchanga. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo, FAO, lafundisha kwamba kufanyika kwa sentimeta mbili au tatu za udongo kwaweza kuchukua hata miaka 1000. Kamiyo moja yaweza kuuondoa kabla ya saa sita mchana.

Tulitaka wanafunzi wayaone mambo hayo wenyewe. Tulichukua makopo kumi ya maziwa, tukayatoboa chini. Matano yalijazwa udongo wa juu wa bustani ya shule. Matano yalijazwa udongo wa chini uliotoka katika shimo. Kila kopo lilipandwa punje mbili za mahindi, yakanyweshwa maji sawasawa, yakawekwa kwenye jua moja. Siku za kwanza mimea yote ilifanana, kwa maana punje hubeba akiba yake yenyewe. Baada ya majuma matatu mimea ya udongo wa chini ikageuka rangi ya manjano, ikadumaa. Ile ya udongo wa juu ilikuwa imefika kwenye goti. Mwanafunzi mmoja alisema: «Kumbe mchanga si mwizi. Mwizi ni yule aliyetupa udongo.» Maneno hayo yalikuwa somo bora kuliko letu.

Basi tabaka la juu ndilo shamba. Lakini lipo na jambo la pili, nalo ni maji. Mchanga ulio chini ya shamba hufanya kazi ya chungu: mvua huingia katikati ya punje zake, hukaa humo, na kulisha visima na vijito wakati wa kiangazi. Shimo likifika chini kuliko maji hayo, maji huwa wazi kwa jua na kwa uchafu, na visima vya karibu huweza kupungua. Hali kadhalika mto uliochimbwa mno kitako chake hushuka; ukingo hukosa mguu wa kusimamia, nao huporomoka. Anayechimba karibu na ukingo huufungulia mto mlango wa kuingia shambani.

Wengine walituambia: «Njia ni moja, mchanga ukatazwe kabisa.» Sisi hatukukubali. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira liliandika mwaka 2022 kwamba dunia hutumia mchanga na changarawe tani bilioni 50 hivi kila mwaka. Mchanga wa jangwani, ijapokuwa ni mwingi mno, mara nyingi haufai kwa simenti, kwa sababu upepo umezisugua punje zake hata zimekuwa za mviringo na laini, nazo hazishikani vizuri. Kwa hiyo mchanga wa mito na wa nyanda utaendelea kutafutwa. Katazo tupu lingewafanya watu wachimbe usiku, nayo kazi ya usiku haina mpaka wala kipimo. Kilichohitajiwa ni utaratibu.

Tena walikuwapo waliosema: «Shamba ni langu, nitalifanya nipendavyo.» Mzee mmoja wa kijiji aliwajibu vizuri: «Shamba ni lako, lakini ukingo wa kijito ni wa nani? Maji ya chini ni ya nani?» Sheria za Kongo nazo zasema vivyo hivyo kwa njia yake. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi ni mali ya taifa, nasi twapewa haki ya kuitumia. Sheria ya machimbo ya tarehe 11 Julai 2002, iliyotengenezwa upya mwaka 2018, yauhesabu mchanga wa kujengea kuwa kitu cha machimbo, wala si takataka ya kujichotea bila ruhusa. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2011 ipo pia. Walakini sheria iliyo katika kitabu mjini haimzuii mwenye beleshi kijijini, kama kijiji chenyewe hakina neno lililokubaliwa.

Kijiji kikachagua kamati: wazee watatu, mama wawili, kijana mmoja wa wapakiaji, nasi tukawa mwandishi wao. Tulipotafuta mifano ya kuwasomea, tulikuta habari za Makueni katika nchi ya Kenya. Huko mito mingi hukauka wakati wa kiangazi, lakini ndani ya mchanga wake maji hubaki, na akina mama huchimba visima vidogo humo. Mchanga ulipochukuliwa mpaka kwenye mwamba, maji nayo yalitoweka. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ikaweka sheria yake ya kuuhifadhi mchanga na kuangalia matumizi yake, na mamlaka maalum ikaundwa kwa kazi hiyo. Tena watu wa sehemu hizo hujenga kuta za mawe na simenti kukatisha mito hiyo ya muda; mchanga hujikusanya nyuma ya ukuta, nao huyahifadhi maji yasikaushwe na jua. Miongozo ya taifa la Kenya ya mwaka 2007 nayo yataka kina cha kuchimba kisizidi futi sita, na mchanga usafirishwe mchana tu. Wanakamati walisikiliza kimya. Kisha mama mmoja akasema: «Kama wenye mito mikavu wamejifunza kuhesabu mchanga wao, sisi wenye maji tungoje yakauke?»

Mashauri yalichukua miezi miwili, na hatimaye tuliyaandika masharti sita.

La kwanza ni mahali. Hakuna kuchimba ndani ya hatua hamsini toka ukingo wa kijito, wala ndani ya hatua kumi toka mpaka wa jirani. Ukanda ulioachwa kando ya kijito upandwe matete na miti, mizizi yake ipate kuushika ukingo.

La pili ni udongo wa juu. Kabla ya ndoo ya kwanza ya mchanga kutoka, udongo mweusi uondolewe wote na kuwekwa mbali, peke yake, usichanganywe na udongo wa chini. Lundo lake lisipite kimo cha mtu, kwa maana lundo kubwa likilaliana hukosa hewa, na uhai ulio ndani yake hufa. Kama litangoja zaidi ya msimu mmoja, lipandwe kunde juu, mvua isilichukue.

La tatu ni kina. Mwezi wa nne, mvua zikiwa nyingi, kamati hupima maji ya visima vilivyo karibu. Kitako cha shimo hakina budi kubaki meta moja juu ya maji hayo, hata baada ya mchanga kwisha. Mahali ambapo maji ni karibu sana, pasichimbwe kabisa.

La nne ni vipande. Kipande kimoja kifunguliwe, kichimbwe, kisawazishwe na kurudishiwa udongo wake, ndipo kingine kifunguliwe. Kuta zilazwe kwa mteremko ambao mtu aweza kuupanda akiwa na mzigo kichwani, zisiachwe zikisimama wima.

La tano ni njia. Kamiyo ipite njia moja tu, wala isiingie shambani udongo ukiwa umelowa, kwa kuwa magurudumu huushindilia hata jembe likashindwa.

La sita ni amana. Tajiri aweke kwa kamati sehemu ya fedha kabla ya kuanza, naye arudishiwe siku ile shamba litakapokuwa limetengenezwa. Akitoroka, fedha hiyo hulipa vibarua wa kulitengeneza.

Wanafunzi wa darasa la sita walitusaidia kwa hesabu. Kipande chenye meta 10 kwa meta 10, kikichimbwa meta 2, hutoa meta za ujazo 200. Tabaka jeusi la sentimeta 25 ni meta za ujazo 25 katika hizo, nalo halitoki shambani. Zabaki 175 za kuuza. Kamiyo ibebayo meta za ujazo 5 itajaa mara 35. Tuliwaonyesha wenye mashamba hesabu hiyo, nao wakashangaa, kwa maana wengi walikuwa wamelipwa kwa kamiyo pungufu ya hizo, bila kujua ni ngapi zilizopita. Hivyo kipimo kililinda udongo, kikalinda na mfuko wa mwenye shamba.

Tusiwadanganye wasomaji kwamba yote yalikwenda vyema. Tajiri mmoja alipoyasikia masharti alicheka, akaenda kununua katika kijiji cha pili, ambako hakuulizwa neno. Kwa majuma kadhaa vijana wetu walikaa bila kazi ya kupakia, na baadhi yao walitununia. Ilibidi wazee watembee mpaka kijiji hicho, na kingine baada yake, wawaonyeshe shimo la yule mjane. Vijiji vitatu vilipokuwa na neno moja, kamiyo zilirudi, na bei ya mchanga ikapanda kidogo. Hapo tulijifunza kwamba kijiji kimoja chenye utaratibu, kikizungukwa na vijiji visivyo nao, ni kama mtu azibaye tundu moja la mtumbwi wenye matundu matatu.

Shamba la kwanza lililochimbwa kwa masharti hayo lilikuwa la baba mmoja mwenye watoto saba. Mchanga ulipokwisha, kitako kilivunjwa kwa jembe, maana kilikuwa kigumu kama sakafu. Udongo mweusi ukarudishwa juu yake na kusawazishwa, samadi ya ng'ombe ikatiwa, na msimu wa kwanza zikapandwa kunde badala ya mahindi, ziutie udongo nguvu. Msimu uliofuata mahindi yalikuwa mafupi, na majirani wakamcheka. Mwaka wa pili alivuna. Mavuno hayakufika yale ya zamani, lakini yalilisha nyumba, nayo fedha ya mchanga ilikuwa imekwisha lipa bati la paa na ada ya watoto wawili.

Na shamba la mama mjane? Hapo ndipo tofauti ionekanapo. Udongo wake ulikwenda na kijito, hata kama tungetaka kuurudisha, haukuwapo. Kamati na wanafunzi wakubwa walilaza kuta za shimo, wakapanda matete na migomba juu ya miteremko, wakaweka uzio kwa ajili ya watoto, na sehemu yenye maji ikawa bwawa la samaki. Leo mama huyo hupata ndizi na samaki, naye hushukuru. Lakini mahindi hununua sokoni. Kazi ya siku nyingi za watu wengi haikurudisha kile ambacho watu wawili wenye mabeleshi wangaliweza kukiweka kando kwa siku chache. Wahenga walisema kweli: maji yakimwagika hayazoleki.

Ninyi akina baba, mtu akija na fedha mkononi, msimpeleke shambani kwanza. Mpelekeni kwa wazee, na patano liandikwe. Ninyi akina mama, ambao mara nyingi ndio walimaji wenyewe, msikubali shamba liuzwe huku mkiwa jikoni. Ulizeni udongo utawekwa wapi, na nani atakayeurudisha. Ninyi wenye kamiyo, fahamuni kwamba kijiji kilicholindwa kitakuuzieni mchanga miaka mingi, bali kijiji kilichoharibiwa kitakufungieni njia. Nanyi wanafunzi, jaribuni lile somo la makopo kumi, kisha wapelekeeni wazazi wenu mimea yote miwili waitazame.

Fedha ya mchanga hupokelewa mara moja. Chakula cha shamba hupokelewa kila mwaka, na watoto, na watoto wa watoto. Anayeuza kile cha kwanza na aangalie sana asije akakiuza na cha pili ndani ya kamiyo ileile.